Kahawa ya Fundi Ishengoma

Mwaka wa sabini na sita, kama ungetaka kumwona mtu asiyegusa pombe katika jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, iliyokuwa kando ya barabara ya Shinyanga, ukishapita Buhongwa, usingesumbuka kuuliza wengi. Ungeelekezwa kwenye banda la injini, na humo ungemkuta fundi Ishengoma, Mhaya wa Kamachumu, mrefu na mwembamba, ovaroli yake imefuliwa mpaka imepauka, ametega sikio kwenye injini ya dizeli kama mtu anayesikiliza umbea wa jirani. Wengine wote pale kiwandani, kuanzia waendesha mashine za kuchambua pamba hadi wafunga marobota, walikuwa wanywaji wa namna moja au nyingine, wala sisemi hivyo kwa kuwasengenya. Vumbi la pamba lilikuwa linaganda kifuani. Maziwa ya kuliondoa, ambayo uongozi uliyaahidi, yalikuwa yanafika kwenye makaratasi tu. Na nyuma ya reli kulikuwa na mama mmoja aliyeuza gongo tangu alfajiri, kwa hiyo watu walipita kwake kabla ya kazi kuosha kifua, na wengine walikiosha mpaka wakaona mashine mbili palipokuwa na moja.

Meneja, Bwana Kashindye, naye alikuwa anakunywa. Tofauti ni kwamba kunywa kwake hakukuitwa kunywa, kuliitwa kupumzika, na alipumzikia ufukweni, kwenye klabu yenye viti vya kamba na watumishi wenye kanzu. Tena kila mara kiwanda kilipovuka lengo la marobota, yeye mwenyewe alileta kreti za bia kwenye ghala la mbegu, akatoa hotuba, na asiyepokea chupa alionekana ana maringo. Jumatatu yake mtu huyo huyo aliyepewa bia na meneja akifika ananuka, aliandikiwa barua. Hakuna aliyeliona jambo hilo kuwa la ajabu. Ishengoma peke yake ndiye aliyekuwa anaomba soda, na kwa sababu alikuwa fundi mzuri, walimwacha na soda yake.

Hakuzaliwa hivyo. Miaka kumi na miwili nyuma, huko kwao, alikuwa mnywaji wa lubisi, pombe ya ndizi, anayejulikana kata nzima. Siku Eugenia, mkewe, aliposhikwa na uchungu wa mimba ya kwanza, Ishengoma alitumwa kwenda kutafuta gari la kumpeleka hospitali ya misheni. Njiani akapita mahali walipokuwa wanafungua mtumbwi wa kuvundikia lubisi. Akakaa kidogo. Alirudi kesho yake jua limechomoza, akamkuta mkewe hai na mtoto amefunikwa kitenge. Mchana wakazika. Baada ya hapo Ishengoma aliokoka katika ule uamsho wa Kilutheri uliokuwa umeenea Bukoba nzima, akasimama mbele ya watu, akaitaja dhambi yake kwa kinywa chake mwenyewe huku analia, na tangu siku hiyo hakuonja tena hata tone.

Eugenia hakumwamini mara moja, na nani angemlaumu? Miaka minne alilala amegeukia ukuta. Mwaka wa tano akazaliwa Renatha, na Ishengoma alijua kwamba binti yule alikuwa zaidi ya mtoto. Alikuwa jibu la mkewe. Mengine yote aliyokuwa nayo, kazi, nyumba ya kiwanda, heshima ya fundi, aliyaona kuwa ni ya kupewa na kunyang'anywa. Lakini imani ya Eugenia aliipata kwa jasho, naye aliiogopea kuliko alivyoiogopea roho yake.

Kilichomsaidia ilikuwa kahawa. Siyo ya kunywa. Ile ya kutafuna, buni mbichi iliyochemshwa na majani ya viungo, ikakaushwa na kufungwa kwenye ganda la mgomba. Kiu ilipomshika alitupa punje mbili mdomoni, akatafuna mpaka kiu ikakata tamaa. Na kwa kuwa kwao mgeni hapokelewi mikono mitupu, nyumbani kwake kulikuwa na kikapu kidogo cha kahawa hiyo barazani, na kila aliyebisha hodi alinyoshewa.

Sasa nyumba yake ilikuwa ya kwanza katika safu ya nyumba za kiwanda, pembeni mwa njia ya kwenda getini. Msimu ule Bwana Kashindye alitoa amri kwamba Ngosha, mlinzi wa geti, awanuse midomo wafanyakazi wote kabla hawajaingia. Wiki ya kwanza watu kumi na moja walirudishwa nyumbani. Wiki ya pili Chenge, mwenyekiti wa Kamati ya Wafanyakazi, mtu mcheshi wa Usagara, mwenye tumbo na sauti, akapita kwa Ishengoma kusalimia, akapewa punje za kahawa, akatafuna, akafika getini, akamhemea Ngosha usoni. Ngosha akampisha. Asubuhi iliyofuata walipita wanne. Mwezi haujaisha, watu thelathini na zaidi walikuwa wanamsalimia fundi kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri.

Na huyu fundi akafurahi! Hapo ndipo ninapomwonea huruma na kutaka kumzaba kibao kwa pamoja. Alinusa gongo kwenye midomo yao, si kwamba hakunusa. Lakini alijiambia kwamba wanatafuna ili kukata kiu, kama yeye alivyofanya, kwamba kidogo kidogo wanaiacha. Aliwaombea kwa majina. Alimwandikia dada yake Kamachumu amletee kahawa zaidi kwa meli. "Mungu ana njia zake," alimwambia Eugenia, naye Eugenia, ambaye alikuwa anafagia maganda kila asubuhi, alimwambia, "Siku hizi una marafiki wengi, Baba Renatha," akaendelea kufagia.

Mwezi wa nane mashine ya tatu ilimkata Antoni, mmoja wa wale waliopita kwa fundi kila asubuhi, vidole vinne vya mkono wa kulia. Kinga ya misumeno ya mashine ile ilikuwa imetolewa tangu Pasaka, kwa sababu ilivunjika na kipuri hakikupatikana. Fedha za kigeni, waliambiwa, hazipo. Ishengoma alikuwa ameandika barua mbili juu ya kinga hiyo. Kinga ingekuwapo, hata mlevi angebaki na vidole vyake. Lakini Antoni alipofikishwa hospitali alikuwa ananuka gongo, na wakubwa walipokuja kutoka mkoani kuuliza, Bwana Kashindye alishika hilo la gongo kwa mikono miwili. Kinga haikutajwa. Ikabaki swali moja tu: alipitaje getini?

"Alikuwa ananuka kahawa, mzee," alisema Ngosha, kofia mkononi. "Wote wananuka kahawa. Mimi nilinusa hiyo hiyo halufu ya kahawa, nikawapitisha."

Ishengoma aliitwa ofisini. Kikapu chake kilikuwa juu ya meza ya meneja, na Chenge alikuwa amekaa kando kwa niaba ya wafanyakazi, anatazama dirishani.

"Hii ni ya nani?" aliuliza Bwana Kashindye.

"Yangu, Ndugu Meneja."

"Unakunywa pombe?"

"Sinywi. Mwaka wa kumi na mbili huu."

"Sasa kama hunywi, kahawa ya nini?"

"Ni desturi, Ndugu Meneja. Kwetu mgeni akija lazima apewe."

"Wageni thelathini? Kabla hata kuku hawajatoka bandani?" Meneja hakuwa mtu katili, nataka hilo lieleweke. Alikuwa mtu anayetafuta pa kuutua mzigo. "Kaa nje kidogo. Tutakuita."

Chenge alimfuata nje, akamvuta mpaka nyuma ya mzani wa magari ya pamba, mahali ambapo kelele za mashine zilifunika maneno.

"Sikiliza, mzee wangu," alisema. "Mambo ni mawili. La kwanza, wewe ni mtu mwenye akili timamu, hunywi, na kila asubuhi ulikuwa unawaficha walevi wapite getini mpaka mtu akakatwa vidole. Hiyo inaitwa hujuma. Hujuma siyo barua, ni polisi. Na ukitoka huko, kama utatoka, nyumba huna, kazi huna, na unaona wasio na kazi wanavyosombwa hapa mjini kupelekwa porini kulima."

"Na la pili?"

"La pili, wewe ni mnywaji kama sisi. Kahawa ilikuwa ya kuficha harufu yako mwenyewe, na wenzako walikuwa wanakudokolea. Ulevi, kosa la kwanza: onyo. Unasimama mbele ya mkutano, unajikosoa, watu wanapiga makofi, kesho asubuhi unawasha injini yako. Meneja amekubali. Nimemlainisha mimi."

"Chenge, wewe unajua kwamba sinywi."

"Nani hajui? Kiwanda kizima kinajua."

"Basi sema."

Chenge alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Nikisema hunywi, mzee, ndiyo nimekufunga."

Maji yalimfika Ishengoma shingoni. Alitafuta kosa katika hesabu ile asilione. Mlevi alikuwa anaonewa huruma kwa sababu kila mtu alimwelewa. Mtu mzima wa akili zake hakuwa na wa kumwelewa. Aliwafikiria wale thelathini aliowaombea kwa majina. Hata mmoja hakuwa amekuja kusimama mlangoni kwa meneja na kusema huyu mzee hana kosa, kwa maana wa kusema hivyo angetakiwa aseme na la kwake. Kisha akajipa moyo kwa njia moja tu: maneno ya kiwandani ni ya kiwandani. Nyumbani atamweleza Eugenia ukweli, na Eugenia anamjua.

Mkutano ulifanyika Alhamisi kwenye ghala la mbegu, baada ya zamu ya mchana. Katibu wa tawi la TANU alizungumza juu ya nidhamu kazini, Chenge akazungumza juu ya udugu, kisha Ishengoma akaitwa mbele. Mikono yake ilitetemeka, na watu wa nyuma wakanong'onezana kwamba ndiyo dalili yenyewe.

"Mimi ni mnywaji," alisema. "Nilikuwa ninaficha. Naomba mnisamehe."

Walipiga makofi, na hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Walimpigia kwa moyo mkunjufu, watu wale wale, kama wanaompokea ndugu aliyechelewa kufika arusini. Halafu Bwana Kashindye akasimama na kutangaza kwamba pamoja na ajali lengo la mwezi limevukwa, kreti zikaingizwa, vizibo vikaanza kuruka. Meneja alichukua chupa ya soda, akaiinua juu watu wote waione. "Huyu kuanzia leo ni soda tu!" alisema, akampa Ishengoma mkononi, na ghala zima likaangua kicheko cha upole. Miaka yote alikuwa anaiomba soda ile mwenyewe. Siku hiyo aliinywa kama dawa ya minyoo.

Habari zilifika nyumbani kabla yake. Nyumba za kiwanda zina kuta nyembamba na wanawake wake wana masikio. Alimkuta Eugenia amekaa kwenye kigoda jikoni, moto umezimika, ndizi hazijamenywa. Renatha alikuwa ametumwa kwa jirani.

Ishengoma alimweleza yote. Alieleza juu ya kikapu, juu ya Antoni, juu ya mzani na hesabu ya Chenge. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, maana alikuwa fundi. Eugenia alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkata.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza."

"Kwa hiyo umesema uongo mbele ya watu mia mbili, ila hapa ndiyo unasema ukweli."

"Eugenia, unanijua."

"Nakujua." Alisema taratibu, bila hasira. "Siku ile ulisema gari lilikuwa limeharibika. Unakumbuka? Ulikaa palepale kando ya mtoto, ukanieleza mpaka boliti ipi iliyokatika. Nilikuamini wiki nzima. Nilikuwa nawaambia watu waliokuja kuhani, mume wangu alihangaika, gari ndilo lililoharibika."

Ishengoma alikuwa ameisahau boliti.

"Kila asubuhi watu wananuka gongo hapa barazani kwangu," Eugenia aliendelea, "na wewe umekaa katikati yao unacheka nao. Nami najiambia, amebadilika, ananuka kahawa tu. Kumbe ndivyo kahawa inavyofanya kazi."

"Nikuapie kwa nini ili uniamini?"

"Usiape. Jumapili tunakwenda Mabatini kwa ndugu. Simama useme kama ulivyosema mara ya kwanza. Kuanguka siyo mwisho, Baba Renatha. Mimi nitakaa na mtu aliyeanguka, nimeshakaa naye. Mtu anayenitungia boliti sitakaa naye tena. Nitamchukua mtoto nipande meli."

Usiku wa siku tatu Eugenia alilala kwenye kitanda cha Renatha. Asubuhi alimpikia mumewe uji, akamwandalia ovaroli, akamwamkia vizuri kama mgeni. Ishengoma alikwenda kazini, akawasha injini, akaisikiliza. Chenge alipita bandani kumsalimia, akampiga bega. Ngosha alimnusa kwa kirefu kuliko wengine wote, kisha akamwomba radhi. Kahawa hakutafuna tena, na siku ya Jumamosi kiu ya zamani ilimjia mchana kweupe, yenye nguvu zake zote, akaing'ang'ania kwa kuuma mshipi wa ovaroli mpaka ikapita. Hakuwepo hata mtu mmoja duniani wa kumwambia kwamba ameishinda.

Jumapili walikwenda Mabatini kwa miguu na basi. Kundi la ndugu wa uamsho lilikutana katika nyumba ya Josephat, fundi cherehani, mzee wa sauti ndogo aliyekuwa kiongozi wao, na watu walijaa mpaka uani. Wenyewe wana desturi moja kubwa kuliko zote: mtu hutaja dhambi yake kwa jina, hadharani, asiifunike, na kama alimkosea mtu, basi kesho yake huenda kwa mtu huyo huyo kuitengeneza. Ishengoma aliijua desturi hiyo kuliko wengi. Ilikuwa imemfufua.

Kwa hiyo alipokuwa amekaa kwenye mkeka, Eugenia pembeni yake, alijua kabisa alilonalo. Dhambi yake ilikuwa moja: alidanganya mbele ya mkutano. Akiitaja, Josephat atamkumbatia na kumwambia, ndugu, kesho nenda kwa meneja ukatengeneze. Na kwa meneja kuna hujuma na polisi. Hilo angeweza hata kulibeba, alijiambia, angebeba hata jela, kama Eugenia angemwamini. Akamtazama. Eugenia alikuwa ameinamisha kichwa, vidole vimefungana, midomo inacheza; alikuwa anamwombea. Alikuwa anaomba kwa nguvu zake zote kwamba mumewe asitunge tena.

"Kuna ndugu mwenye neno?" aliuliza Josephat.

Ishengoma alisimama. Mara ya kwanza, kule Kamachumu, maneno yalikuwa yamemtoka kama maji. Sasa alilazimika kuyavuta moja moja.

"Nilianguka," alisema. "Nilirudia pombe. Nilinywa kwa siri, nikaificha kwa kahawa. Nilimdanganya mke wangu kwamba sijanywa. Mungu anisamehe."

Wakaimba. Walisimama wote na kumzunguka, wanaume wakamkumbatia mmoja mmoja, akina mama wakapiga makofi, Josephat akamwekea mikono kichwani na kumshukuru Mungu kwa ajili ya ndugu aliyerudi nuruni. Ishengoma alijaribu kuomba pamoja nao akashindwa. Mlango ule aliokuwa anaingilia kwa Mungu miaka kumi na miwili alikuwa ameufunga kwa mkono wake mwenyewe, na funguo zote za kuufungulia zilikuwa ni za kupoteza mke na mtoto. Machozi yalimtoka, na ndugu wakaimba zaidi walipoyaona.

Eugenia naye alikuwa analia. Ulikuwa umepita muda mrefu tangu Ishengoma amwone analia hivyo, uso wazi, bila kujifuta. Walipotoka, alimchukua mumewe mkono mbele ya watu, jambo ambalo wanawake wa rika lake hawakuwa wanalifanya, wakatembea hivyo kuelekea barabarani kungoja basi.

"Nisamehe na mimi," alisema Eugenia. "Nilikuwa nimeshafunga nguo."

Ishengoma alitikisa kichwa kumwonyesha kwamba hana la kusamehe.

"Unajua, pombe yenyewe nisingeshindwa nayo. Nilichokuwa nataka ni uniambie ukweli tu, Baba Renatha. Basi."

"Najua," alisema Ishengoma.

"Ahsante kwa kuniambia."

Basi lilipofika wakapata viti vya pamoja, na Eugenia hakuuachia mkono wake mpaka Buhongwa.